Mgeni Aliyempa Damari Kisogo

Katika miaka ile ambayo Mwingereza alikuwa bado anapandisha bendera yake bomani kila asubuhi, ungemwuliza mtu yeyote wa Singida mjini nyumba ya Damari iko wapi, angekuonyesha, kisha angekuonya. "Ni ile yenye mlango wa bluu, nyuma ya soko. Lakini ukifika, jibu kila utakaloulizwa, na usijibu haraka. Ukijibu haraka atasema ulijiandaa."

Ndivyo alivyokuwa. Alimshuku muuza chumvi kwa kuwa kipimo chake kilikuwa kimebonyea, na akamshuku muuza maziwa kwa kuwa kipimo chake kilijaa mno. Wageni wa kanisa walilala kwake kwa sababu alikuwa na chumba cha uani chenye mlango wake wa pekee, na kwa sababu uji wake wa uwele na karanga ulisifiwa mpaka Nduguti. Hata hivyo hapakuwahi kulala mwinjilisti pale asiulizwe jina la bibi mzaa mama yake. Watu walimcheka bure. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Damari alikuwa ameumwa.

Kwao ni Iguguno, huko Iramba. Aliolewa na Philipo, fundi seremala, wakahamia mjini kwa sababu mji ulikuwa unakua na nyumba zilitaka milango. Ule wa bluu aliutengeneza Philipo kwa mikono yake. Walipata watoto watatu, wawili wakawazika kabla hawajaota meno, akabaki Selina. Mwaka 1937 akaja mtu mmoja amevaa kofia nzuri, ana karatasi mkononi na maneno yanayoteleza kama mlenda. Akasema ng'ambo ya ziwa, kwa Wabelgiji, kuna migodi, na migodi inataka mafundi wa mbao, miaka miwili tu na mtu anarudi kwake. Damari hakuuliza swali hata moja. Siku zile alikuwa bado anaamini watu.

Treni enzi hizo ilifika mpaka Singida. Damari alisimama stesheni amemshika Selina mkono, mtoto wa miaka mitano, akaitazama treni ile mpaka ikawa ndogo kama siafu, ikawa moshi, na hata moshi nao ukaisha. Zilifika salamu mara moja, kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Baada ya hapo kimya. Miaka ikapita, na reli yenyewe ikang'olewa, vyuma vikapakiwa vikapelekwa kwingine. Damari alikwenda kuangalia, akarudi, akamwambia jirani yake Magdalena, "Hata njia ya kurudia wameikunja." Tangu siku hiyo hakukanyaga tena upande ule wa mji.

Kilichobaki ni Selina. Mwaka huo tunaouzungumzia, 1951, binti alikuwa na miaka kumi na tisa, amerudi kutoka shule ya wasichana ya misheni huko Iramba, anajua kushona na hesabu, na kila asubuhi anawafundisha watoto wa kanisani kusoma. Damari alikuwa na kiapo kimoja tu moyoni: mtu mwenye karatasi alimchukua Philipo, lakini hatazaliwa mtu mwenye karatasi atakayemchukua Selina.

Mwalimu Zefania alifika Jumanne moja ya mwezi wa saba, upepo ule wa Singida ukipeperusha vumbi mpaka ndani ya sufuria. Alishuka kwenye lori akiwa na sanduku kubwa la mbao lililofungwa kamba. Na mkononi alikuwa na karatasi.

Ilikuwa barua ya mchungaji. Damari hakujua kusoma, kwa hiyo akampa Selina, naye Selina akaisoma upesi na kuikunja upesi zaidi. "Mchungaji anasema mpokee mwalimu Zefania, mtu wa Nduguti. Anasubiri lori la Manyoni Jumatatu. Anakwenda mbali kuanzisha shule."

"Mbali wapi?"

"Hakuandika, mama."

Damari akageuka amtazame mgeni wake vizuri, maana yeye mtu humsoma machoni. Macho hakuyaona. Mwalimu alikuwa amesimama nje ya ua, kichwa ameinamisha, uso ameuelekeza kwenye mti wa jirani. "Shikamoo mama," alisema, akiuambia ule mti.

"Marahaba. Karibu ndani."

"Asante, nimeshafika," akajibu, akazunguka nyumba nzima kwa nje, akaingia chumba cha wageni kwa mlango wa nyuma. Njia ya kupita uani ilikuwa hatua sita tu. Damari alizihesabu.

Jioni akapika ugali wa mtama na kuku, kwa kuwa mgeni ni mgeni hata kama humwamini. Mwalimu hakuja kwenye mkeka. Selina akampelekea chakula, naye akakichukua akaenda kukilia nyuma ya kihenge cha nafaka, amechuchumaa, mgongo kwa nyumba. Sahani ikarudi imeoshwa. Kesho yake asubuhi Damari alikutana naye kwenye kijia cha kisimani, ana kwa ana, na mtu mzima yule mwenye tai shingoni akaruka pembeni, akaingia kwenye miiba, akasimama humo kama mbuzi aliyepotea mpaka mwenye nyumba alipopita.

"Magdalena," Damari alisema, akiwa hajaweka hata mtungi chini, "nina mwizi nyumbani."

Magdalena alikuwa Mnyaturu, mwanamke asiye na mume kama yeye, anauza maziwa ya mgando kwenye vibuyu, na alikuwa jirani mwema katika kila jambo isipokuwa kutuliza mtu. "Mwizi hujificha baada ya kuiba, mama Selina," alisema. "Huyu anajificha kabla. Tena anakula kwa kificho! Mtu anayekula kwa kificho, muulize siku nyingine anakula nini. Umesahau miaka ile ya watu-simba, waliovaa ngozi za simba wakaua watu? Si walikuja hivi hivi, wapole, hawasemi na mtu?"

"Usinitie homa."

"Sikutii homa. Nakuambia tu funga mlango."

Jumatano jioni yakaja maombi ya nyumbani. Katika nyumba ile kulikuwa na desturi: mgeni wa kanisa ndiye anayeomba, na katika kuomba humtaja mwenye nyumba kwa jina. Damari alilipenda jambo hilo kuliko alivyokubali kusema. Mwanamke asiye na mume hasikii jina lake likitajwa kwa wema mara nyingi. Mwalimu Zefania akaketi kizingitini, kisogo ndani, uso nje, akaanza kuomba. Sauti alikuwa nayo nzuri, hilo Damari alimpa. Aliombea mvua, akawaombea wagonjwa. Akamwombea mfalme wa Waingereza, akaombea Magdalena na vibuyu vyake, akaombea hata kuku wasipatwe na kideri. Alipofika kwa mwenye nyumba akakohoa, akasema, "na wengine wote waliomo humu, amina."

Damari alifumbua macho. Kuku wameombewa, yeye hapana! Mtu wa Mungu gani anaogopa kutaja jina la mwanamke aliyempikia? Usiku ule alimhamishia Selina chumbani kwake, akaweka mchi wa kutwangia nyuma ya mlango.

Alhamisi asubuhi aliamua kuuliza waziwazi. Alisimama uani, akapaza sauti kuelekea chumba cha wageni. "Mwalimu! Hiyo shule unaianzisha nchi gani?"

Halafu sauti ikasikika kwa ndani, kwa mbali, kama mtu anayesema na ukuta. "Ng'ambo ya ziwa, mama. Kwa Wabelgiji."

Damari akakaa juu ya kinu. Ng'ambo ya ziwa. Kwa Wabelgiji. Maneno ni yale yale, karatasi ni ile ile, kofia tu ndiyo imebadilika ikawa tai. Kumbe siku hizi wanawatafutia watu wa migodini kwa jina la shule! Na yeye amemlaza mtu huyo nyumbani, amemchinjia kuku, na binti yake ndiye anampelekea maji ya kunawa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hakumwambia Selina neno. Alijifunga kanga ya pili, akaenda bomani.

Hapo bomani alikuwepo Bonifasi, tarishi, mtu wa kanisani kwao, ambaye karatasi zote za mji ule zilipita mikononi mwake. Damari alimvuta kando ya ukuta. "Mwanangu Bonifasi, kuna mtu anajiita mwalimu Zefania. Anakwenda kwa Wabelgiji. Niambie kama hati yake ni ya kweli."

"Shikamoo mama. Ni ya kweli. Nimeibeba mimi mwenyewe juzi kwenda kugongwa muhuri."

"Mihuri hata yule wa kwanza alikuwa nayo. Imeandikwa nini?"

Bonifasi akatazama huku na huku, maana tarishi anayesema mambo ya ofisini hutafutiwa mwingine. Lakini Damari alikuwa amemshika mkono wa shati. "Imeandikwa mwalimu wa shule, anapita Kigoma, anavuka ziwa. Imeandikwa watu wawili."

"Wawili?"

"Mume na mke, mama."

"Alikuja peke yake."

"Basi labda mke atamkuta njiani," alisema Bonifasi, akatoa mkono wake polepole.

Damari alirudi mbio, na mwanamke wa rika lake hakimbii mjini hivi hivi. Watu sokoni walisimama kumtazama. Mtu amekuja hana mke, ana hati ya mke. Basi huyo mke anampata wapi kabla ya Jumatatu? Hesabu hiyo haikuhitaji shule.

Alipovuka mlango wa bluu aliwakuta uani. Mwalimu alikuwa amefungua sanduku lake, na Selina amepiga magoti kando yake, anampangia vibao vya kuandikia, chaki, na kengele ndogo ya shaba iliyoviringishwa kwenye kitambaa. Na kitambaa kile Damari alikijua. Alikiona kikishonwa mwezi mzima, taratibu, kwa uzi mwekundu, akaambiwa ni cha madhabahu.

"Simama!" alisema.

Mwalimu aliinuka, akageukia ukuta.

"Nimesema nitazame! Siku tatu unakula chakula changu na sijui una macho ya rangi gani. Mtu mwenye moyo safi hufanya hivyo? Geuka hapa unitazame usoni, useme unakwenda na nani!" Akamfuata. Mwalimu akaenda pembeni, naye akaenda pembeni. Akajibanza kwenye kona ya kihenge, Damari akamzibia njia. Ndipo mtu yule, mwalimu mwenye cheti, aliyefundisha darasa la watoto hamsini, akachuchumaa chini, akavua koti lake, akajifunika kichwa.

"Mama!" Selina alilia. "Mama, toka mbele yake! Unajiaibisha! Huyo ni mkweo!"



Angekuwa kijana mwingine anamfanyia hivyo mama mwingine, Damari angelijua siku ya kwanza. Kwao Iramba, kijana akishaposa hamtazami mama mkwe usoni, hali mbele yake, hataji jina lake, na akikutana naye njiani humpisha hata kama ni kwenye miiba. Mama mkwe naye akimwona hufunika uso na kugeuka. Heshima hiyo huanza siku ile jembe la posa linapopokelewa. Lakini mwalimu wa misheni! Walimu ndio waliokuwa wa kwanza kuzicheka mila. Wanakula meza moja na wake zao, wanaamkiana na wakwe kwa kushikana mikono kama Wazungu. Damari alimtafuta mwizi, akatafuta simba, akatafuta mtu wa migodi, na kitu alichokuwa amelelewa nacho tangu utotoni hakukitambua kilipokuja kulala nyumbani kwake.

Na sasa amesimama mbele ya mkwewe, kichwa wazi, pumzi zinamtoka, mkono juu. Alishusha mkono. Akavuta kanga usoni, akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa jiko, akaingia ndani.

"Jembe limepokelewa na nani?" aliuliza akiwa gizani humo.

Selina alijibu kwa sauti ndogo. "Mjomba."

Mjomba mwenyewe, Mathayo, alifika Ijumaa na baiskeli yake kutoka Iguguno, amechelewa siku tatu kwa makusudi. Alikuwa kaka mkubwa wa Damari, mtu mnene, jasiri mbele ya fisi na mwoga mbele ya dada yake. Kwa kuwa Philipo hayupo, na mjomba kwao ana neno zito katika ndoa ya binti, posa ililetwa kwake tangu mwezi wa nne. Alipokea jembe. Matangazo ya ndoa yakasomwa kanisani Iguguno Jumapili tatu. Iguguno nzima ilijua. Wageni watatu waliotoka huko walikula uji wa Damari, wakausifu, wakanyamaza.

"Ulinificha, kaka."

"Nilijua mchungaji atakuambia."

"Na mchungaji?"

"Nadhani yeye alijua nitakuambia mimi," alisema Mathayo, akiangalia vidole vya miguu yake.

"Ukamwacha mtoto wa watu alale siku tatu nyumbani kwa mama mkwe wake, anakimbilia miibani!"

"Yeye alitaka alale hata sokoni. Mchungaji ndiye aliyemtuma hapa, naye hakuweza kukataa bila kusema, na kusema hakuweza. Mtu hajitangazi mwenyewe kuwa ni mkwe." Mathayo alijifuta jasho. "Damari, ningekuambia mwezi wa nne ungesema nini?"

"Ningesema hapana."

"Basi."

"Hata leo ni hapana. Nimeshalipa ziwa lile mume. Siwezi kulipa na mtoto pia."

Mathayo hakubisha. Alisema tu kwamba mchungaji amekataa kufungisha ndoa bila kusikia neno la mama, na kwamba Zefania mwenyewe amesema hivyo hivyo: mama akikataa, ataondoka peke yake Jumatatu, na kama huko mpakani watamrudisha kwa sababu hati ni ya watu wawili, basi arudishwe. Selina alikuwa anasikia. Hakulia, hakuomba. Alikuwa anachambua mtama kwenye ungo, jiwe moja moja, na ungo ulikuwa hauna jiwe tangu asubuhi. Kuona hivyo kulimuuma Damari kuliko kilio.

"Nataka kumwuliza jambo," Damari alisema.

Ikawa hivi. Damari alikaa jikoni, Zefania akakaa chumba cha wageni, na katikati, uani juani, akakaa Mathayo juu ya kinu. Kwa kuwa mkwe na mama mkwe hawasemezani uso kwa uso, kila mmoja alimwambia Mathayo, na kila neno wote watatu walilisikia.

"Kaka, mwulize huyo mtu nani alimwita huko."

"Mjomba, mwambie mama niliitwa na watu wetu wenyewe. Wako waliokwenda migodini zamani, wamezaa, watoto wao hawajui kusoma. Wamejenga kuta za shule mpaka kimo cha dirisha, wakaishiwa na mtu wa kufundisha. Barua ina majina kumi na moja."

Chini ya jiko makaa yalikuwa yamekufa na Damari alikuwa anayachochea kwa kijiti. Mathayo alijua swali linalokuja, akainamisha kichwa.

"Kaka," alisema Damari, na sauti yake haikuwa ile ya kuhoji wauza chumvi, "mwulize kama katika hayo kumi na moja yumo Philipo, fundi seremala."

Upepo ulipita uani, ukarusha pumba.

"Mjomba," sauti ilisema, "mwambie mama hayumo."

Mathayo alifumba macho.

"Nilituma barua kuuliza kabla sijaleta jembe. Nikajibiwa kwamba wazee wawili wanamkumbuka fundi wa milango. Aliondoka kambi ya mgodini wakati wa vita, na hakuna anayejua alielekea wapi. Mwambie mama sitaki kumdanganya. Nitakapofika nitaendelea kuuliza. Nikipata mtu aliyemwona nitaandika. Nisipopata, nitaandika pia kwamba sijapata."

Damari aliweka kijiti chini. Miaka kumi na minne alikuwa amengoja mtu mwenye karatasi aje amwambie, "Philipo yupo, anakusalimu, nipe kitu nimpelekee," na alikuwa amejiandaa kumkamata mtu huyo kwa uongo wake. Yule wa kofia angesema hivyo bila kupepesa jicho. Na huyu angeweza kusema hivyo. Lilikuwa neno moja tu, na kwa neno hilo angeondoka na Selina siku hiyo hiyo. Hayumo, amesema. Katika watu wote waliowahi kumletea habari za ng'ambo ya ziwa, huyu alikuwa wa kwanza kumletea hapana. Alilia pale jikoni, kwa sauti, bila haya, na Mathayo, Selina na mwalimu wakamwacha alie.

Alipomaliza alipenga kamasi kwa pindo la kanga. "Kaka, mchukue yule tetea mwekundu."

"Yule unayempenda?"

"Ndiye. Mpelekee. Nilimsimamia mtu wa heshima usoni kichwa wazi, na kosa la namna hiyo haliondoki kwa maneno. Mwambie ni faini yangu. Na mwambie mchungaji kesho saa nne asubuhi nitakuwa kanisani."

Selina aliangusha ungo.

Ndoa ilifungwa Jumamosi. Damari alikaa benchi la nyuma kabisa, nyuma ya nguzo, na alipoulizwa kama anaridhia alijibu "Naridhia" akiwa ameiambia nguzo, mpaka wenzake wa mjini wakanong'onezana kuwa mama amenuna. Jumapili walifunga mizigo. Selina aliingiwa na wasiwasi. "Mama, barua zetu nani atakusomea?"

"Nitatafuta mtu nisiyemshuku."

"Hayupo, mama."

Damari alifikiri kidogo, akaona ni kweli. "Basi niachie kile kitabu unachofundishia watoto. Nitajisomea mwenyewe. Msomaji anaweza kuongeza yake." Jioni hiyo mama na binti walikaa chini ya dirisha, na Damari akajifunza herufi tano, kila moja akiitazama kwa jicho la pembeni kana kwamba itamkimbia.

Jumatatu asubuhi lori la Manyoni lilisimama karibu na soko, limejaa magunia ya karanga. Sanduku likapandishwa, kisha watu. Selina na mumewe walikaa juu ya magunia bega kwa bega, kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo, na huwezi kumtazama mmoja usimtazame mwingine.

Damari alikuwa amekuja na Magdalena. Alikuwa ameshamkumbatia binti yake nyumbani, nyuma ya mlango wa bluu, kwa muda mrefu. Sasa, mbele ya soko zima, dereva alipowasha gari, alivuta kanga akajifunika uso, akageuka, akalipa lori kisogo.

"Mama Selina!" Magdalena alishtuka. "Ndiyo linaondoka! Mtazame mwanao!"

"Siwezi. Amekaa na mkwe wangu."

Magdalena akaelewa, akamshika mkono. Nyuma yao injini iliunguruma, na sauti ya Selina ikaita, "Mama! Mama!" Mabega ya Damari yalitikisika, lakini miguu haikugeuka. Mara ile ya kwanza alimtazama Philipo mpaka moshi ukaisha, na kutazama hakukumrudisha.

"Niambie unachoona," alisema ndani ya kanga.

"Limezunguka duka la Mhindi. Selina anapunga mkono."

"Na yeye?"

Magdalena akakaza macho, akacheka huku machozi yanamtoka. "Yeye amejifunika kichwa kwa koti."

"Mtoto mzuri," alisema Damari. "Na Selina?"

"Bado anapunga. Wanashuka kule kwenye mawe. Bado anapunga. Bado." Akainuka kwa ncha za vidole. "Sasa naona vumbi tu."

Ndipo Damari alipofunua uso wake, akageuka, akalitazama vumbi mpaka likatua.